Jenereta ya Mama Yako Haiendi Marani

Zuhura mwanangu,

Mwandiko huu utakusumbua, na sitaomba radhi, maana ni wewe uliyekalia miwani yangu. Nimeketi kwenye mlango wa banda la jenereta, karatasi juu ya goti. Tumeshaswali alasiri. Wewe uko Kebirigo kumuaga mjomba wako Ogeto, na kesho alfajiri pikapu itakuja hapa Keroka kukuchukua wewe na kinu chako cha kusaga, mwende mkaanze maisha Marani. Kitanda chako kimeshafungwa kamba. Leo nimekipita mara nyingi, na kila mara najikwaa kwenye mguu wake uleule.

Mambo ya kula vizuri na kufunga mlango shangazi yako ameshakujaza masikioni, mimi sitayarudia. Nataka kukujibu swali lako. Juzi ulipokuwa ukikunja nguo uliniuliza bila kunitazama, "Baba, nikifunga jenereta ya Mama nyuma ya pikapu, utakasirika?" Nikajifanya natafuta spana. Spana yenyewe ilikuwa mkononi mwangu, na wewe uliiona. Tangu hapo hujauliza tena, na nyumba imekuwa nzito.

Jibu ni hapana. Jenereta ya mama yako haiendi Marani. Sasa usiitupe barua hii kwa hasira, isome mpaka mwisho, halafu unikasirikie vizuri ukiwa na sababu zote.

Unajua ya kwanza tuliyokuwa nayo haikuwa hii. Mimi na mama yako tulipofungua kinu, stima ilikuwa ikikatika kila mvua inaponyesha, na hapa kwetu mvua haisubiri kualikwa. Wanawake wanaketi na mabeseni yao ya wimbi na muhogo mpaka jua linazama, halafu wanajitwika wanarudi nyumbani bila unga wa obokima, ugali wa huku kwetu. Nikasema nitanunua jenereta. Nikasoma kibao cha mota: kilowati kumi na moja. Nikashuka mpaka mjini kule ziwani, nikapata jenereta ya kilowati kumi na mbili. Kumi na moja inaingia kwenye kumi na mbili na nafasi inabaki. Nilijiona mtu mwenye akili sana. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikanguruma, akasema, "Mzee, hii ni simba."

Siku ya kuizindua niliita watu. Sheikh akatuombea dua, majirani wakaja na nafaka zao, mama yako akavaa kanga mpya. Nikavuta swichi. Mota ikaguna kama mtu anayejaribu kuinua gunia lililomshinda, taa zikawa nyekundu, injini ikakabwa, ikazimika. Nikarudia, ikazimika tena. Watu wakawa wanatazama miguu yao. Ndipo omong'ina mmoja, bibi mzee aliyekuwa mbele kwenye foleni, akatikisa beseni lake, akasema, "Hii yenu imeshiba kabla ya kula." Walicheka mpaka barabarani. Mama yako naye alicheka, akiwa amejifunika uso kwa ile kanga.

Wewe haya umeyasomea chuoni na cheti unacho, lakini mimi yalinifundisha mbele za watu. Kile kibao kinakuambia mota inakula nini ikishaanza kutembea. Hakikuambii inataka nini wakati wa kuamka. Mota ikiamka na mzigo wa mawe ya kinu kifuani, inavuta stima mara tano, mara sita ya ile ya kawaida, kwa muda mfupi tu, na muda huo mfupi ndio unaoua jenereta ndogo. Tena ile simba ilinguruma kule chini ziwani. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na injini nayo inapumua, kwa hiyo nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake haifiki yote. Nilikuwa nimenunua jenereta ya mahali pengine kwa ajili ya mota iliyokwisha kuamka.

Aibu ile haikunitoka. Nikipita sokoni naona watu wanacheka, hata kama wanacheka yao. Basi nilipofanya kosa la pili nilikuwa nakimbia la kwanza. Machimbo fulani ya mawe yalikuwa yamefungwa, na jenereta yao ilikuwa imesimama kwenye nyasi, kubwa, juu ya trela yenye magurudumu yake. kVA mia moja, karibu kilowati themanini. Nikaileta hapa ikivutwa na trekta, nikiwa nimesimama kando yake kama bwana harusi. Mama yako akatoka, akaizunguka yote, akanitazama.

"Baba Zuhura, umenunua lori la kubebea yai moja."

"Angalau yai litafika," nikamwambia.

Lilifika. Nilipovuta swichi kinu kilianza papo hapo, injini haikushtuka hata kidogo. Nilicheka peke yangu siku nzima. Baada ya miezi michache ekzosi ikaanza kulia machozi meusi. Mafuta mazito yanachuruzika ukutani, moshi mweupe unauma macho, na dizeli inakwisha kana kwamba kuna mtu anaiiba. Nikabadilisha filta, nikatukana wauzaji wa dizeli wote wa Keroka. Hakuna aliyeniambia kwamba injini kubwa ikipewa kazi ya mtoto haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na ile isiyoungua inabaki ndani ikiwa masizi na gundi. Ndogo ilikuwa imekufa kwa kuelemewa. Hii ilikuwa inakufa kwa kukosa kazi, na ilichukua miaka, nami nilidhani naitunza.

Kisha babu yako wa Kebirigo akafariki.

Hili umelisikia nusu nusu. Mama yako alipozaliwa aliitwa Moraa. Aliposilimu na kuolewa na mimi akawa Halima, na tangu siku hiyo kaka zake hawakukanyaga hapa. Baba yake alipokufa hakuna aliyemwita. Alisikia kwa mteja wa kinu. Aliketi juu ya gunia, akasema, "Watakesha gizani. Kule hakuna stima." Hakusema twende na jenereta. Mimi ndiye niliyekwenda kutafuta trekta.

Tulifika na mwanga. Tukatundika balbu kwenye migomba mpaka barabarani, tukaunganisha spika za kwaya, na ule ua wote ukaonekana. Ndipo Ogeto, ndugu yake aliyekuwa mkali kuliko wote, akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka karibu na jeneza. Akamwambia, "Moraa, keti." Ni hayo tu. Mama yako alikaa kwenye kiti hicho mpaka asubuhi, akiwa na hijabu yake, katikati ya nyimbo za kanisa alizokua nazo, na jenereta ikimpigia kelele nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo asingeweza kumkatalia mtu. Msiba wowote, upande wa Kisii au wa Nyamira, mtu akija mlangoni anapewa. Nami sikumzuia, kwa sababu na mimi nilikuwa nimepata kitu. Babu yako aliyenizaa alifika mji huu na cherehani, nami nimezaliwa hapa, lakini nilikuwa bado naitwa mgeni. Jenereta ilipoanza kwenda kwenye matanga, nikawa mtu wa hapa. Kwa hiyo nikaacha iende ikakeshe na balbu na spika moja, kazi ambayo hata jenereta ya kubeba kwa mkono ingeifanya, na kila iliporudi ilikuwa imejaa masizi zaidi.

Watu wakaizoea sauti yake. Ikianza tu, hata mchana, hata tukiwa tunasaga, mtu anasimama barabarani na kuuliza, "Nani amekufa?" Wanaume walikuwa wakivua kofia mlangoni pa kinu. Mama yako alikuwa akitoa kichwa dirishani, uso wote mweupe kwa unga, akiwaambia, "Hakuna aliyekufa, ni wimbi tu!" Nadhani aliisema kila siku ya maisha yake ya kinu. Mimi nilikuwa nimechoka kuisikia. Leo ningetoa chochote nilicho nacho niisikie mara moja.

Sasa nifike mahali ambapo wewe na mimi hatujawahi kufika.

Mama yako alifariki asubuhi, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika, kama dini yetu inavyotaka. Majirani walikuja jioni wakidhani wanakuja kukesha. Walikuja na mablanketi na masufuria, watu ambao yeye aliwawashia taa walipofiwa, wakakuta ameshazikwa. Sitasahau nyuso zao. Hawakukasirika, walipotea tu, kama watu walioshuka steji isiyo yao. Ogeto alikuwa amefika kutoka Kebirigo akiwa na kiti mkononi. Aliniambia, "Shemeji, dada yangu hawezi lala giza." Nikaingia ndani.

Wakaisukuma wenyewe kutoka bandani, kwa mabega. Wakaiwasha. Kwa kuheshimu nyumba yetu hawakuleta spika, hawakuimba. Walitundika balbu moja kwenye mparachichi, wakaketi chini yake kimya. Na mimi nikatia komeo mlangoni.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulisimama mbele yangu ukiwa na sweta ya mama yako.

"Baba, Mjomba ako nje."

"Najua aliko."

"Nataka kukaa na yeye."

"Katika nyumba hii hakuna kukesha."

Ulikaa chini, mgongo kwenye mlango, na hukulia. Nilisingizia dini, Zuhura. Asubuhi Sheikh mwenyewe alipopita aliwasalimu mmoja mmoja, akaketi nao, akaomba apewe chai. Mimi niliogopa. Niliogopa nikitoka na kuona watu chini ya balbu ile, basi itakuwa kweli kwamba sauti ile safari hii ni yetu. Nilikuwa nimeisikia ikienda kwa kila mtu. Sikuamini ingekuja kwangu. Nikakunyima mama yako kwa usiku mmoja ambao ulikuwa wako, na nikamnyima ndugu yake nafasi ya kukiweka kile kiti.

Jenereta iliyoweza kubeba soko zima ilikesha na balbu moja. Umewahi kuisikia injini kubwa isiyo na kazi? Haingurumi. Inatetemeka, inakohoa, inapanda kidogo na kushuka kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa. Niliisikiliza mpaka alfajiri. Bado naisikiliza.

Unajua ninachofanya kila Ijumaa nikitoka msikitini. Naiwasha muda kidogo, bila kitu, ili isife. Ulipokuwa mwaka wa kwanza chuoni ulirudi ukanikuta, ukaniambia, "Baba, unaiua. Ipe mzigo au iache." Nilikufokea. Sikukuambia kwa nini naendelea, na leo nitakuambia, ucheke ukitaka. Kila Ijumaa, ikishapata joto kidogo, kuna wakati sauti inashuka. Inashuka kama vile mtu upande wa pili amevuta swichi ya kinu na mzigo umeingia. Halafu inapanda tena. Kinu hakijaunganishwa. Hakuna waya. Nimebadilisha filta, nimetoa hewa kwenye mipira ya dizeli, nimesafisha tangi kwa mikono yangu. Bado inashuka. Na inaposhuka, mimi huinuka na kutazama dirisha la kinu.

Najua ni nini. Ni masizi, ni nozeli zilizoziba, ni injini mgonjwa. Lakini kujua hakunizuii kuinuka. Hata majirani wameacha kuuliza nani amekufa. Ijumaa wakiisikia wanasema, "Baba Zuhura huyo," na wanaendelea na biashara zao.

Kwa hiyo ulipoiomba niliona picha moja tu: wewe Marani, peke yako, ukiwasha kile kidude kikubwa kwa mota zako mbili, kikikusikilizisha mtu asiyekuwepo, na wewe ukiinuka. Mimi nimeishi hivyo. Wewe hapana. Ungeipenda kwa ajili yake, ungeitunza, ungeipeleka kwenye kila matanga ya Marani kwa jina lake, nayo ingekunywa dizeli yako na kukulilia ukutani.

Chagua yako. Soma vibao vya mota zote mbili, ya kusaga na ya kukoboa, halafu jiulize zinaamkaje, siyo zinatembeaje tu. Tia ile swichi ya kuamsha mota taratibu, itakupunguzia ukubwa wa jenereta. Anza na kinu, kikishatulia ndipo umwamshe mdogo wake. Mimi nimepiga hesabu zangu za kizee, pamoja na wembamba wa hewa ya huku, nikafika kama kVA arobaini, na ukiniambia nimekosea nitafurahi kwa siri. Ikisaga siku ya kawaida inapaswa iwe inatokwa jasho, nusu ya nguvu zake na zaidi, bila kukabwa. Usinunue kwa ajili ya watu waliokucheka. Na usinunue kwa ajili ya msiba. Watu wa Marani watakuja kukuomba mwanga, na nakuomba usiwakatalie, wewe ni mtoto wa Halima. Tafuta kadogo ka petroli ka kubeba kwa mkono, kaweke kando, hako ndiko kaende kwenye matanga.

Na hii kubwa? Baba Kerubo wa mbao, jirani yetu, ana misumeno mitatu na randa, na kila mvua ikinyesha anakaa bure. Nimemwambia aichukue. Kazi yake inalingana nayo. Kesho ukishaondoka watakuja kuivuta. Lakini siwezi kuitoa hapa ikiwa mgonjwa hivi, na dawa yake unaijua wewe, ndiyo uliyoniambia nikakufokea: ipewe mzigo mzito, saa nyingi mfululizo, mpaka iunguze uchafu wake wote. Leo mchana nimezunguka kwa watu. Nimekwenda kwa mafundi wa kuchomelea nyuma ya soko, kwa Baba Kerubo, kwa yule dada wa saluni mwenye vikausha nywele, kwa mwenye friji za soda. Nimewaambia leteni kila kitu kinachokula stima. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wengine wameshafika, wanavuta nyaya uani hivi ninavyoandika, na kuna mmoja ameshakanyaga mchicha wa shangazi yako, kwa hiyo ugomvi upo. Kinu chetu cha zamani nimekipaka grisi. Wanawake wameambiwa waje na wimbi.

Huenda ikakataa. Huenda masizi yameshaila ndani. Nikivuta swichi ikazimika mbele ya Keroka nzima kama ile ya kwanza, basi nitacheka nao safari hii.

Barua hii nampa Kerubo, anakwenda Kebirigo sasa hivi na pikipiki. Kwa simu ningekuambia "sawa, sawa" na kukata, unanijua. Msomee Mjomba wako, maneno yote, hata yale ya komeo. Mwambie nimetundika balbu kwenye mparachichi. Mwambie aje nacho kile kiti, akiweke pale alipotaka kukiweka, nami nitaketi chini kando yake, na wewe katikati yetu. Mlango nimeuacha wazi, nimeuegemezea jiwe.

Mtakaposhuka steji mtaisikia. Haitakuwa inakohoa. Kama Mungu akipenda itakuwa inanguruma kwa sauti nzito ambayo hujawahi kuisikia, kwa sababu tangu ifike kwetu haijawahi kupewa kazi yake. Watu watasimama barabarani, najua, na kuna atakayekushika mkono akuulize nani amekufa.

Mjibu wewe. Mwambie hakuna aliyekufa, ni wimbi tu.

Baba yako.